Umegongwa ukiwa kwenye pikipiki? Bima unaidai hivi

Wakuu, ukiwa bado umekaa chini pale barabarani vumbi mdomoni na watu wamekuzunguka, aliyekugonga atakuja na sauti ya upole, "kaka tuyamalize tu wenyewe, polisi wa nini". Usikubali. Mimi nilishakubali siku moja pale Mbezi, nikapewa elfu themanini nikanyanyua pikipiki nikasepa, kesho yake asubuhi goti limevimba kama papai na jamaa hapokei simu. Mara ya pili nikagongwa na gari dogo, IST, iliyochomoka kwenye njia ya vumbi bila kuangalia, ila hapo nilishashtuka.

Kampuni ya bima haikulipi kwa sababu imekuonea huruma, inalipa makaratasi. Kwa hiyo anza kuyakusanya pale pale. Piga picha vyombo kabla havijasogezwa, namba ya gari, leseni ya dereva, alama za breki kwenye lami. Ile namba ya gari ingiza kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA (mamlaka ya kusimamia bima Tanzania), kwa simu yako, utaona gari lina bima ya kampuni gani na kama bado iko hai (stika ya mtu usiiamini kwa macho, feki zipo). Chukua na namba za simu za walioona, mie shahidi wangu alikuwa dada wa kusajili laini aliyekaa chini ya mwamvuli hatua kumi tu kutoka nilipoangukia.

Halafu trafiki aje apime na kuchora ramani ya ajali. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni lazima uwe nayo, ila kama mtu yuko taabani awahishwe hospitali kwanza, ndugu ataifuatilia kituoni. Na maelezo yako pale kituoni YASOME kabla hujasaini hata kama kichwa kinauma. Yangu yaliandikwa "pikipiki iligongana na gari likiingia barabarani", ukisoma haraka unaona sawa tu, kumbe hapo haijulikani nani kamfuata mwenzie. Nikamwomba afande kwa heshima arekebishe iwe "gari liliingia barabarani likaigonga pikipiki", akanuna kidogo ila akaandika.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganya. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria, inamlipa mtu wa tatu, yaani uliyemuumiza au uliyemharibia mali, haikulipi wewe wala pikipiki yako. Ukiteleza mwenyewe kwenye mchanga na una bima ndogo, hamna kitu hapo, labda uwe na bima kubwa, ile inayolipa na chombo chako mwenyewe. Ukigongwa na gari unaidai bima ya lile gari. Wewe ukimgonga mtembea kwa miguu, kampuni yako ndo itambebea mzigo, ila uitaarifu mapema kwa maandishi na usije ukamsainia mtu karatasi kwamba kosa ni lako na utamlipa, maana hiyo inawapa kampuni mwanya wa kujitoa. Pikipiki ya bosi? Bima iko kwa jina lake, mpigie siku hiyo hiyo hata kama unaogopa kufokewa.

Jiandae pia na sababu za kukataliwa. Leseni haina daraja la pikipiki au imeisha, umepakia mshikaki (abiria zaidi ya mmoja), au hii inayowaumiza boda wengi, bima ilikatwa ya matumizi binafsi kwa sababu ni rahisi kidogo halafu unabeba abiria. Kaitoe kavanoti yako, ile hati ya bima, sasa hivi usome pameandikwa nini.

Kudai kwenyewe: jaza fomu ya madai, andika na barua fupi, ambatanisha nakala za fomu za polisi, ramani, leseni, kadi ya pikipiki, ripoti ya daktari na risiti. Risiti zote, za dawa, magongo, hadi bajaji ya kwenda kliniki mwambie dereva akuandikie kikaratasi. Orijino usiziache mezani kwa mtu bila kubaki na nakala, na barua yako wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe kwenye nakala unayoondoka nayo, bila huo muhuri wiki ya tatu utaambiwa faili halionekani. Kama dereva alishtakiwa watakuomba na nakala ya hukumu, hivyo fuatilia kesi mahakamani usikae nyumbani ukisubiri simu. Pikipiki usiitengeneze mpaka mkaguzi wao aje aione, tena muulize jina na aje lini.

Wodini watakuja vishoka wanaojua kila mtu "pale bima", wanataka asilimia yao na usaini karatasi fulani. Kama umeumia sana tafuta wakili mwenye ofisi.

Siku moja watakupigia na ofa. Mimi walianza na laki tatu na nusu, na karatasi ya kusaini kwamba ni malipo ya mwisho na sina dai lingine. Huku daktari kashaniambia goti lipigwe picha tena! Sikusaini, nikajibu kwa barua nikiorodhesha gharama moja moja na siku ambazo sikufanya kazi, tukavutana karibu miezi miwili, ikafika milioni moja na laki tisa. Usisaini kabla daktari hajasema matibabu yameisha.

Wakikuzungusha, peleka malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe kwanza, wakikaa kimya nenda TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, na mafaili yako yote. Ila usilale sana, dai la madhara kama haya mahakamani lina ukomo wa miaka 3 tangu tukio.

Jina la akaunti ya benki nalo lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA. Langu lilipishana herufi moja, hela ikarudi, nikakaa wiki mbili zaidi naichungulia simu.