Katalogi inasema kitabu kipo, rafuni hukioni

Ukikipata kitabu kwenye katalogi ya maktaba, yaani orodha ya vitabu iliyo kwenye kompyuta, nakili namba yake yote, sehemu kilikowekwa, na kama kimeazimwa au la. Anayenakili nusu ya namba atazunguka ghorofa nzima, kisha aseme kitabu kimeibwa.

Vyuo vikuu vingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Herufi za mwanzo huonyesha somo: Kiswahili kiko PL8701 hadi PL8704, DT ni historia ya Afrika, QA76 ni kompyuta. Chukua namba PL8704 .M35. Tarakimu zinazofuata PL ni namba nzima, hivyo PL8704 iko mbali baada ya PL896. Lakini zile zilizo baada ya M husomwa kama desimali: .M35 hutangulia .M4, kwa sababu 0.35 ni ndogo kuliko 0.4. Wengi hukwama hapo. Hutafuta 35 baada ya 4, kumbe wamekwisha kukipita.

Kama hakipo, kagua vitabu kumi vya kila upande, toroli la vitabu vilivyorudishwa, na meza za jirani. Uliza pia kama kiko kwenye akiba maalumu, ambako vitabu vya kozi huazimwa kwa saa chache tu. Ukimaliza kusoma, kiache mezani. Kitabu kilichochomekwa rafu isiyo yake ni sawa na kilichopotea.

Kutafuta kwa mada kuna mtego wake. Vichwa vya mada kwenye katalogi nyingi huandikwa kwa Kiingereza hata kama kitabu ni cha Kiswahili. Andika “ushairi” na utapata vile tu vyenye neno hilo kwenye jina. Andika “Swahili poetry” kwenye sehemu ya mada na vingine vitajitokeza. Majina ya waandishi nayo yajaribu kwa tahajia zote: Mohamed, Mohammed, Muhammad.

Makala za majarida ni suala jingine. Ukurasa wa mtandaoni ukikudai dola, usilipe. Mchapishaji hutambua mtandao wa chuo, si wewe, kwa hiyo ukiwa nyumbani pitia tovuti ya maktaba na uingie kwa akaunti yako. Neno la siri lishughulikie kabla ya likizo. Kwa tafiti za Afrika, jaribu pia African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika. Makala nyingi humo ni za bure. Pakiendelea kugoma, mpelekee mkutubi jina la makala, jarida, mwaka na kurasa. Ukimwambia “nataka kitu kuhusu kilimo”, utabaki ulipo.

Baadhi ya nyaraka za zamani za Tanzania ziko kwenye mkusanyiko wa East Africana, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nenda na penseli na daftari, na uulize utaratibu wa kunakili kabla hujatoa simu.

Unaporudisha kitabu, subiri hapo dirishani hadi jina lako lifutwe kwenye kompyuta. Deni lisilofutwa hujitokeza siku ya kusainiwa fomu ya kuhitimu.