Kuhifadhi chakula nyumbani kwa mashine ya vakyumu: samaki, mboga, matoke na nafaka

Mashine ya vakyumu huondoa hewa. Haiui vijidudu, haikaushi kitu kibichi, wala haichukui nafasi ya friji. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kampala nimewasikia wauzaji wakimwambia mteja kwamba nyama ikishafungwa kwa mashine hii hukaa kabatini wiki nzima. Tafadhali usijaribu. Hewa ikiondoka, ukungu hushindwa kuota, fukusi hukosa pumzi na karanga hazipati upesi ule uchungu wa mafuta yaliyokaa. Lakini kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum ambacho hustawi pale pasipo na hewa, na sumu yake haina harufu wala rangi ya kukuonya. Kwa hiyo chakula kilichohitaji friji kabla ya kufungwa, kitahitaji friji hata baada ya kufungwa.

Hatua ya 1: Chagua mashine na mifuko

Kwa nyumbani inatosha ile ndogo inayobana mdomo wa mfuko, inafyonza hewa, kisha inauchoma kwa waya wa moto. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 240. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani yaweza kuwa ya volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua.

Mifuko nayo si yoyote. Kavera, yaani mfuko wa plastiki wa kawaida, ni polithini tupu, na polithini hupitisha oksijeni polepole hata ukiifunga vizuri. Mifuko ya kazi hii ina tabaka la nailoni ndani yake, na upande mmoja una mistari au vinundu ambavyo hewa hupitia inapofyonzwa. Ukitumia mfuko laini pande zote mbili kwenye mashine ya kubana mdomo, plastiki hugandana na hewa hubaki ndani. Nunua ule unaouzwa kama bomba refu lililoviringishwa, ukate urefu unaoutaka, uchome upande mmoja, na mfuko wako uko tayari.

Hatua ya 2: Samaki

Hapa ndipo mashine inapolipa gharama yake. Ukienda soko la samaki la Ggaba asubuhi ukapata sato au sangara wa bei nzuri, unaweza kununua wa kutosha na usiwaone wakikauka na kuwa weupe kwenye friza.

Paa magamba, toa matumbo na matamvua, osha kwa maji safi. Kata mapezi yenye miiba, kwani mwiba mmoja unatosha kutoboa mfuko. Gawa vipande kwa kiasi cha chungu kimoja cha nyumbani kwako, maana mfuko ukishafunguliwa, hesabu yake imekwisha. Futa kila kipande kwa kitambaa safi mpaka kisichuruzike.

Sasa tandaza vipande kwenye sinia na uviweke kwenye friza saa moja au mbili, mpaka juu pawe pagumu. Usiiruke hatua hii. Mashine hufyonza maji kama inavyofyonza hewa, na maji yakifika kwenye waya wa moto, mdomo wa mfuko hauungani. Utaona umefunga, kumbe kesho yake mfuko umelegea.

Kunja mdomo wa mfuko kwa nje kama mkono wa shati, ingiza samaki, kisha ukunjue. Kwa njia hiyo sehemu itakayochomwa haiguswi na utelezi wala damu. Acha nafasi ya vidole vinne hivi kati ya samaki na mdomo. Laza mdomo bila mkunjo, funga kifuniko, bonyeza. Mfuko utaanza kunywea na kushika umbo la samaki, utaona hata mstari wa mgongo wake. Mashine ikimaliza kuchoma, subiri kidogo kabla ya kuinua kifuniko ili mshono upoe.

Ushike mfuko mbele ya dirisha. Mshono mzuri ni mstari mmoja unaong'aa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona kijidoa cheupe au kipovu, choma mstari wa pili pembeni ya ule wa kwanza. Kwa samaki mimi huchoma miwili kila mara, hata wa kwanza ukiwa mzuri.

Andika jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ukiilaza mifuko mmoja mmoja mpaka igande ndipo uipange.

Na hili nalisisitiza: siku ya kupika, kata mfuko kwanza, ndipo umwache samaki ayeyuke kwenye friji. Kuna aina ya kile kijidudu inayopenda samaki na inayoweza kukua kwenye baridi ya nyuzi 3 tu, na friji nyingi za majumbani, hasa zinazofunguliwa kila dakika, huwa na joto zaidi ya hapo. Hewa ikiingia, kinakosa mazingira yake.

Nyama na kuku hufuata njia hiyohiyo. Mfupa wenye ncha uzungushie karatasi ya kuokea kabla ya kuingiza.

Hatua ya 3: Mboga na matoke

Sukuma wiki na maharage mabichi vichovye kwenye maji yanayochemka dakika 3, uvitoe na kuviingiza papo hapo kwenye maji ya barafu, uchuje, ukamue, ndipo ufunge na kugandisha. Usipochemsha, vimeng'enya (kemikali za asili za mboga) huendelea na kazi hata kwenye baridi, na rangi na ladha hupotea. Kabichi na jamaa zake zikifungwa mbichi hutoa gesi, na mfuko huvimba.

Matoke yaliyomenywa huwa meusi kwa sababu yanakutana na oksijeni, kwa hiyo vakyumu inayafaa sana. Paka mikono mafuta kwa ajili ya utomvu, menya huku ukiyatumbukiza kwenye maji, yafute yakauke, funga, gandisha. Siku ya kupika yaweke kwenye mvuke yakiwa bado yameganda.

Nsenene (panzi wa kuliwa) wa Novemba nao wanakaa vizuri: watoe mbawa na miguu, wakaange, wapoe kabisa, wafunge na uwagandishe.

Hatua ya 4: Maharage, karanga na mukene (dagaa wakavu)

Vitu vikavu ndivyo pekee ninavyoviweka kabatini, lakini viwe vikavu kweli. Njia ya kupima haihitaji kifaa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia maharage mpaka robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango ikapoa, funga na utikise vizuri. Iache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha maharage juani. Isiponata, mimi huongeza siku nyingine ya jua, maana kipimo hiki hutambua unyevu wa zaidi ya asilimia 15 tu, na kwa mfuko usiopitisha hewa nataka 13 au chini yake. Karanga zinataka ukavu zaidi, asilimia 7 hivi. Chambua kila punje iliyosinyaa au yenye ukungu uitupe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ikishaingia haitoki kwa vakyumu wala kwa kupika.

Kabla ya kufunga maharage, yakae siku nne kwenye friza ili mayai ya fukusi yafe, kisha yarudie joto la kawaida ndani ya chombo kilichofunikwa yasishike umande.

Mukene wavunje: wakikatika kwa mlio, funga, wakipinda, bado. Wana ncha kali, basi wafunge kwenye mfuko wa karatasi kwanza.

Visivyofungwa kamwe

Kitunguu saumu kibichi, uyoga mbichi, jibini laini, na chakula chochote chenye moto.

Umeme ukikatika

Usiifungue friza. Ikiwa imejaa, hushika baridi saa 48 hivi. Ikiwa nusu, 24. Umeme ukirudi, papasa kila mfuko. Wenye barafu bado ndani unaweza kurudi. Ulioyeyuka na kupata joto, au uliovimba, tupa bila kuonja.

Kuitunza mashine

Futa kitrei cha maji na ule mpira wa kifuniko kila unapomaliza. Kati ya mfuko na mfuko ipe mashine nusu dakika ipoe. Na unapoihifadhi, usikifungie kifuniko kikabana: mpira ukilaliwa muda mrefu hunyauka, na mashine haitafyonza tena mpaka ununue mpira mwingine.