Mfumo umehamishwa na login inagoma? Anza na kuki

Jamani kama mfumo mnaotumia umehamishiwa programu mpya na sasa huingii, usikimbilie kufungua akaunti nyingine, utaishia kuwa nazo mbili na vitu vyako vyote vya zamani viko kwenye ile ya kwanza. Fungua dirisha la faragha (incognito) kwenye brauza ujaribu kuingia hapo, ikikubali basi shida huenda ni kuki za zamani tu, yaani vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye brauza ili ikukumbuke, nenda setingi ufute kuki za anwani hiyo peke yake, sio zote, maana ukifuta zote utatolewa kila mahali halafu uanze kulalamika.

Ikigoma hata hapo cheki kilichojazwa. Brauza inapenda kujijazia paswedi ya kizamani, au inaweka jina la mtumiaji pale panapotakiwa imeli. Futa, andika mwenyewe.

Sasa kuna hili la paswedi kukataliwa na una uhakika kabisa ndo yenyewe. Paswedi hazitunzwi kama zilivyo, zinasagwa kuwa heshi, yaani mfuatano wa herufi na namba usioonyesha paswedi yenyewe, mfumo wa zamani labda ulitumia njia ya kusaga iitwayo MD5 na mpya unatumia nyingine iitwayo bcrypt, ndo maana heshi ya zamani inaweza isitambulike, na heshi hairudishwi kuwa paswedi, kwa hiyo hata ukimsumbua adimini hana pa kuisoma akuambie. Bonyeza umesahau paswedi, ujumbe usipoonekana angalia spamu.

Na nyie maadimini, anwani yenye www na isiyo na www zielekezeni sehemu moja, la sivyo kuki ya anwani moja inaweza isifanye kazi kwenye nyingine, mtu anaingia vizuri, akifungua ukurasa unaofuata kashatolewa.