Somo: Kutafuta kizingiti cha umeme katika epoksi yenye nanotyubu za kaboni

Epoksi tupu haipitishi umeme. Ukiongeza nanotyubu (mirija ya kaboni myembamba mno, ya kipimo cha nanomita) kidogo kidogo hakuna kinachobadilika, kisha ghafla upitishaji unaruka mara maelfu kwa maelfu: tyubu zimepata njia isiyokatika toka upande huu hadi ule. Hicho ndicho kizingiti cha perkolesheni. Usikichukue kutoka kwenye jedwali la mtu mwingine, maana hutegemea sana namna ulivyochanganya.

1. Pima tyubu ndani ya kabati la kufyonza hewa, ukivaa glavu na barakoa ya kuzuia chembe ndogo.

2. Tengeneza mchanganyiko mama: gramu 1 ya tyubu zenye kuta nyingi kwa gramu 99 za resini (epoksi ambayo bado ni kimiminika), bila kigumishi. Sampuli zote zizimuliwe kutoka humo. Ukichanganya kila moja kivyake, hutajua tofauti imeletwa na kiasi au na mkono wako.

3. Tumbukiza ncha ya mtambo wa ultrasoniki, chombo kikiwa juu ya barafu; washa sekunde 10, pumzisha 10. Angalia tone kwa hadubini mara kwa mara. Mabonge yakiacha kupungua, zima. Ukizidisha unakata tyubu, na tyubu fupi zinahitajika nyingi zaidi ili zikutane.

4. Zimua kwa resini tupu, ongeza kigumishi, toa viputo kwa ombwe, mimina. Hesabu huharibika hapa: kigumishi kikiwa gramu 30 kwa 100 za resini, ile asilimia 1 inabaki 0.77. Tena nadharia ya perkolesheni inataka asilimia ya ujazo, si ya uzito. Kwa densiti ya 1.8 kwa tyubu na 1.2 kwa epoksi, asilimia 0.5 ya uzito ni kama 0.33 ya ujazo.

5. Kata vipande vya milimita 40 × 10 × 4. Sugua ncha kwa msasa, kwani juu huwa na ngozi ya resini tupu, kisha paka rangi yenye chembe za fedha halisi. Kwa vipimo hivi, gawa 1000 kwa ukinzani wa omu upate upitishaji kwa S/m (siemens kwa mita). Megaomu 1 ni 0.001 S/m.

6. Chora logi ya upitishaji dhidi ya logi ya (φ − φc), ambapo φ ni asilimia ya ujazo wa tyubu na φc ni kizingiti, kwa sampuli zilizovuka kizingiti tu. Badilisha φc mpaka nukta zinyooke. Kinadharia mteremko ni karibu 2; ukipata 6, shuku φc yako kwanza.

MASWALI

– Mwalimu, sampuli ya asilimia 0.1 inapitisha, ya 0.2 haipitishi. Inakuwaje?

Je, zilikauka kwa joto moja? Resini ikipata moto kabla ya kuganda hulainika, tyubu zikasogeleana na kufunga mtandao. Elektroni huruka pengo la nanomita chache tu, kwa hiyo tyubu zilizotawanyika kikamilifu, kila moja imefunikwa na resini, ni hasara. Weka zote tanuri moja, kwa pamoja.

– Multimita ya kawaida inatosha?

Juu ya kizingiti, ndiyo. Nyingi hukomea makumi ya megaomu. Chini ya kizingiti ukinzani huzidi hapo, tafuta elektromita, yaani kipimo cha ukinzani mkubwa sana. Na pima nusu ya urefu: ukinzani usiposhuka kwa nusu, unapima rangi ya fedha, si kipande.

– Polikaboneti yangu (plastiki ngumu) yenye asilimia 2 ya tyubu, iliyodungwa kwenye kalibu, haipitishi kabisa.

Mdungo wa kasi hulaza tyubu upande mmoja, hasa karibu na uso, zikaacha kukutana. Ongeza joto la kalibu, punguza kasi. Kwa kipande kilichopo, kipashe juu ya 150 °C kikiwa ndani ya kalibu kisipinde. Tyubu zitajipanga upya na ukinzani utashuka.