Kuingia kwenye usanifu wa taa za majengo ukiwa Kisumu

Msanifu wa taa ndiye anayeamua ukuta upi uonekane, meza ipate luksi ngapi (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), na kona ipi iachwe na giza lake. Kuuza taa ni kazi nyingine, na kuvuta nyaya ni nyingine. Wengi huanzia diploma ya umeme, inayofundishwa Kisumu National Polytechnic, au usanifu majengo. Kwa kuwa kufunga nyaya kunahitaji leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, tafuta mapema fundi aliye nayo.

Nunua kipima luksi kabla ya kompyuta. Kamera za simu hazilingani, usizitegemee. Ikifika saa moja na nusu usiku, pima darasa, duka la dawa, kanisa, baa. Weka kipima hicho sentimita 80 kutoka sakafuni, kila baada ya mita 1, na uandike. Ukishapima vyumba 20 hivi, jicho huanza kukisia lenyewe.

Hesabu ifanye kwa mkono kwanza. Darasa la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48. Kwa luksi 300, lumeni 14,400 (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) lazima zifike mezani. Kuta na dari humeza mwanga (zidisha kwa 0.6), vumbi na uzee wa taa huupunguza (0.8). Gawanya 14,400 kwa 0.48 (0.6 mara 0.8), unapata lumeni 30,000 za kutoka kwenye taa. Paneli za lumeni 4,000 zitakuwa 7.5, yaani 8, safu 2 za 4. DIALux, programu ya bure ya kuhesabu na kuchora mwanga wa chumba, ije baada ya hapo. Anayeanza nayo huamini picha hata pale alipokosea rangi ya kuta.

Kasoro nyingine huzaliwa na mahali. Chini ya mabati bila nafasi ya hewa, kifaa cha kuendeshea LED huchemka na kufa mapema. Karibu na ziwa, taa nyeupe ya nje huvuta makundi ya wadudu. Chagua kelvini 2,700 (mwanga wa rangi ya manjano) na taa iliyozibwa, IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa. Taa iliyobanwa sentimita 20 kutoka ukutani hupendeza kwenye mawe, lakini kwenye plasta mbaya huanika kila alama ya mwiko. Dimaa (swichi ya kupunguza mwanga) ya balbu za zamani hufanya LED imemeteke.

Hasara kubwa huletwa na neno "zinafanana". Mkandarasi akikosa taa uliyochora, analeta ya bei nafuu. Kwa hiyo kila taa iandikwe lumeni, kelvini, CRI, yaani uhalisi wa rangi chini ya taa (80 darasani, 90 penye vyakula au nguo), upana wa mwale na IP, na mkataba useme mbadala haufungwi bila saini yako. Usipokee kamisheni ya muuzaji: saini hiyo itakosa uzito.

Kabla ya kukabidhi, rudi usiku na ngazi. Elekeza kila taa ya mwale mwembamba, kaza skrubu, pima tena sehemu zilezile za mchoro, na mpe mteja karatasi ya luksi zilizopatikana.