Maua ya bluu kabla theluji haijaisha: jinsi ya kupanda skila na wenzake

Ukipita mitaa ya zamani ya Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, mwezi wa Aprili, nyasi zikiwa bado kahawia na marundo ya theluji chafu yakiwa bado pembeni mwa barabara, utakuta nyua zimegeuka bluu mwanzo hadi mwisho. Wifi yangu, aliyehamia nyumba yenye uwanja, alinipigia mwezi wa Mei kuniuliza mbegu za maua hayo zinauzwa wapi.

"Wifi," nikamwambia, "umechelewa miezi saba au umewahi miezi mitano. Chagua mwenyewe."

Si mbegu, ni vitunguu vya maua, na hupandwa Oktoba. Haya ndiyo niliyomwelekeza, pamoja na maswali aliyonirudishia.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini

Skila ndiyo iliyojaa kwenye nyua hizo. Kwenye pakiti imeandikwa Scilla siberica, ingawa kwao hasa ni kusini mwa Urusi, Kaukazi na Uturuki. Ua lake limeinamisha kichwa, na chavua yake nayo ni ya bluu: chuchumaa karibu siku ya jua uone nyuki wamebeba vidonge vya bluu miguuni. Kwa baridi haina mpinzani, inavumilia hata kanda ya 2 kwenye ramani ya kilimo ya Marekani (namba ikiwa ndogo, baridi ni kali zaidi).

Kionodoksa inafanana nayo, ila ua linatazama juu na katikati ni jeupe. Asili yake ni milima ya Uturuki magharibi. Wataalamu wengi siku hizi wanaihesabu kuwa skila, hivyo usishangae kukuta Chionodoxa kwenye pakiti moja na Scilla kwenye nyingine, mmea ule ule.

Muskari ina vishada vya vijiua kama zabibu. Majani yake huchomoza Oktoba au Novemba, mwezi mmoja tu baada ya kupanda, na kila mwaka mtu fulani hunipigia kwa hofu kwamba maua yamekosea majira. Hayajakosea. Yaache.

Airisi ndogo, Iris reticulata, hutangulia wote na ni nzuri kupita wote, kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo kitunguu hujigawa vipande vidogo ambavyo mara nyingi havina nguvu ya kutoa ua. Mimi nainunua upya kila nikiitaka na sinung'uniki.

Nikiambiwa nichague moja, nachukua skila, kwa sharti. Skila inajizaa kwa mbegu na hairudi nyuma. Hapa Minnesota imeshatoka kwenye nyua ikaingia misituni, na kuing'oa ni kazi ya miaka. Uwanja wako ukiwa umezungukwa na barabara na saruji, panda. Ukiwa umepakana na msitu, korongo au kijito, usipande. Kionodoksa na muskari nazo zinatembea. Hapo nunua airisi, hiyo haiendi popote.

Nunua Septemba, vilivyo vigumu mkononi. Vinauzwa kwa kipimo cha kukizunguka kitunguu kiunoni: kwa skila tafuta sentimita 7 au 8. Na nunua vingi. Vitunguu kumi havionekani hata ukiwa umesimama mlangoni. Anza na hamsini, mia ni bora, bei yake si kubwa.

Jambo moja la jikoni. Vitu hivi vinafanana na vitunguu vidogo vya kupikia, na skila ina sumu inayogusa moyo. Mama akija kutembea kutoka nyumbani na kukuta mfuko hauna maandishi, ataukaangia mchuzi. Andika kwa kalamu nzito: SI CHAKULA.

Hatua ya 2: Ngoja udongo upoe

Si hewa, udongo. Ukishuka chini ya nyuzi 13 za Selsiasi (55 za Farenhaiti), panda. Hapa kwetu ni kuanzia mwisho wa Septemba, na Oktoba yote ni salama. Novemba inawezekana mradi ardhi bado inachimbika, ila mizizi itakuwa na muda mfupi kabla ya ardhi kuganda.

Hatua ya 3: Panda

Kina sentimita 8 hadi 10, nafasi sentimita 5 hadi 8, ncha juu. Usipoiona ncha, laza kitunguu ubavu, kitajinyoosha chenyewe. Mwagilia mara moja vizuri.

Kile kibomba cha chuma kinachouzwa kwa ajili ya kutoboa shimo moja moja, kiache dukani. Kwa vitunguu mia kitakuua kiwiko, na kwenye udongo wa mfinyanzi hujaa na kukataa kutema. Chukua sepetu, kata nyasi pande tatu za mraba, ikunje nyuma, lainisha udongo chini, tawanya vitunguu ovyo ovyo, rudisha nyasi, kanyaga. Mraba mmoja unameza ishirini kwa mkupuo. Unga wa mifupa wanaokushauri uchanganye, usihangaike nao: unaita mbwa na kindi. Maji yakituama mahali hapo, hama.

Hatua ya 4: Baridi, hasa kwa mnaokaa ghorofani

Mwenye uwanja aruke hatua hii, majira yatamfanyia kazi. Wa balkoni kaa hapa, maana watu wengi hukata tamaa hapa hapa.

Vitunguu hivi havivumilii baridi tu, vinaihitaji. Ua limeshajiunda ndani tangu kiangazi, lakini shina halirefuki wala ua halifunguki mpaka kitunguu kipite wiki 12 hadi 15 kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 9 za Selsiasi. Ukikipunguzia muda, utapata majani na ua lililokwama shingoni, au majani matupu. Hesabu kabisa kwenye kalenda: kilichoingia baridini tarehe 15 Oktoba kinafikisha wiki 14 tarehe 21 Januari. Usikitoe Krismasi kwa sababu umeona kimechipua. Kuchipua si ushahidi kwamba muda umetimia.

Basi si nikiache chungu balkoni tu, nje si kuna baridi? Ndivyo alivyouliza wifi kwa ajili ya mama mkwe wake wa ghorofa ya tatu. Hapana. Ardhini, chini ya theluji, kitunguu kimefunikwa pande zote. Kwenye chungu baridi inapiga juu, chini na ubavuni, na hapa usiku wa Januari hewa inaweza kushuka chini ya nyuzi 25 hasi. Chungu kinaganda jiwe, jua la mchana likikilainisha kidogo, usiku kinaganda tena. Mizizi inakatika na vitunguu vinaoza.

Njia ninayoipenda ni gereji isiyo na hita, iliyoungana na nyumba. Panda kwenye chungu chenye matundu, vitunguu vikikaribiana sana bila kugusana, funika kwa udongo sentimita 5, mwagilia, weka mbali na mlango mkubwa. Nunua kipimajoto cha bei rahisi ukiache hapo, usikadirie kwa ngozi. Kikishuka chini ya sifuri kwa siku chache si msiba. Gusa udongo kila baada ya wiki chache. Ukikauka, maji kidogo.

Usipokuwa na gereji, tumia friji. Siyo friza. Hapo ndipo penye mtego. Rafiki yangu wa Columbus, Ohio, alifuata kila kitu, wiki 14 kamili, akapata majani mazuri ya kijani na hakuna ua hata moja. Tulikaa kwenye simu jioni nzima tukichunguza udongo, maji, dirisha, hata maji ya bomba. Mwisho nikamuuliza friji ina nini kingine. Droo ya chini ilikuwa imejaa matofaa.

Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua ua changa ndani ya kitunguu huku majani yakibaki salama. Kwa nje huoni tofauti yoyote mpaka siku ya kuchanua. Matofaa na mapeasi ndiyo mabaya zaidi, ndizi mbivu na parachichi nazo zimo. Mfuko wa plastiki uliofungwa si suluhisho, vitunguu vitapata ukungu. Tumia mfuko wa karatasi kwenye friji isiyo na matunda: ile ndogo ya vinywaji, au ya jirani anayekula nje kila siku. Bora zaidi, ingiza chungu kizima kilichokwisha pandwa, maana mizizi inakua ndani ya baridi hiyo hiyo. Vilivyokaa vikavu kwenye mfuko, uvipande chunguni siku ile ile unayovitoa.

Wiki zikitimia, usikimbize chungu karibu na hita. Kiweke penye mwanga na ubaridi, nyuzi 10 hadi 15, karibu na dirisha la chumba kisichotumika. Kwenye sebule ya nyuzi 22 maua yataisha haraka.

Na kwa mnaoniuliza kama nikija likizo niwaletee Lushoto au Limuru: huko usiku una baridi, lakini hakuna miezi mitatu ya kukaa chini ya nyuzi 9. Vitachanua mara moja kwa hisani ya friji, basi. Na vitunguu vya kupanda haviingizwi nchini mfukoni bila cheti cha afya ya mimea. Pandeni agapanthasi, ni ya bluu na nyanda za juu zinaipenda.

Hatua ya 5: Kindi

Skila yenyewe hawaipendi, wanafuata udongo uliochimbuliwa upya. Laza wavu wa kuku juu, weka mawe kwenye kona, uuondoe wavu ardhi ikiganda. Muskari na skila hata paa huziruka.

Hatua ya 6: Usiguse majani

Theluji ikiangukia maua, iache, itayeyuka na yatainuka. Yakishanyauka, majani yanabaki kama wiki sita yakitengeneza chakula cha mwaka ujao. Ukiyakata yakiwa kijani, mwaka ujao utaona machache, unaofuata hakuna. Kama kuna kampuni inayokukatia nyasi, waambie mapema na kwa maandishi, tena mkataze dawa ya magugu ya Aprili na Mei, kwa sababu inaua kila chenye jani pana na maua haya huumia pia. Skila hulala mwanzoni mwa Juni. Ukiinua mashine ya kukata nyasi hadi juu kabisa mpaka wakati huo, huna tatizo.

Baada ya miaka mitatu au minne mafungu yatasongamana. Ukitaka kugawia mtu, chimba majani yakianza kuwa ya njano, maana yakishakauka hutajua tena vitunguu viko wapi.