Kabla hujafungia vitu vya marehemu kwenye fremu ya boksi, soma hii kwanza

Nazungumzia zile fremu nene za kioo unazoweka ndani saa, miwani, medali, kitambaa cha bibi, halafu unatundika ukutani. Zinapendeza, ila ukikosea unaharibu kitu ambacho hakina kingine.

Pima kina cha boksi kabla hujanunua, kitu kinene kuliko vyote ndo kinaamua. Panga kila kitu mezani, piga picha na simu, ndo ufunge. Nguo usibandike na gundi jamani, shona kwenye kitambaa cha nyuma, mishono michache tu, siku ukitaka kuitoa unakata uzi basi. Kadibodi ya kawaida ina asidi, inageuza nguo na karatasi njano, tafuta isiyo na asidi.

Sasa picha, hapa ndo yalinikuta. Tulikuwa na picha moja tu ya babu, kasimama na baiskeli, nikaibana moja kwa moja kwenye kioo maana niliona ikikaa mbele inatokeza vizuri, na ukuta wenyewe umepakana na bafu, wala sikuwaza. Miaka 3 baadaye naona madoa yanang'aa kama mafuta kwa ndani, nikadhani uchafu, nikafungua nifute. Picha haitoki. Kumbe ule upande wa sura una jelatini, utando mwembamba unaoshika picha, ikipata unyevu inalainika, ikikauka imeshanata. Ningeishia hapo afadhali, ila nikaingiza kisu pembeni nikavuta taratibu, nikasikia krrr, mkononi nimebaki na karatasi nyeupe na tairi la nyuma, babu kabaki kwenye kioo vipande vipande. Mama akaangalia, akasema "haya", akaenda zake jikoni. Bora angenigombeza.

Kwa hiyo skani, tundika kopi, orijino ikae kwenye bahasha isiyo na asidi. Uking'ang'ania orijino, hakikisha kuna nafasi kati yake na kioo. Na kama yako imeshaganda USIVUTE, iskani hivyo hivyo kupitia kioo.

Mengine madogo: nguo zikague nondo kabla ya kufunga. Majina andika nyuma kwa penseli, sio peni. Msumari uendane na uzito, boksi la medali sio kalenda. Jua lisilipige, hata kioo cha kuzuia miale kinapunguza tu. Ukuta wa bafu mmeshasikia, wa jikoni pia hapana, mvuke na mafuta, na pale juu ya kochi wanaporukia watoto napo mmh, angalieni wenyewe.